Usianze na Volteji: Kuongeza Mwendo wa Prosesa kwenye Mazabodi ya Bei Nafuu

(Hotuba niliyoitoa kwa mafundi na wanafunzi wa kompyuta, Dar es Salaam. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.)

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliokuja na mashine zenu mgongoni: wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, karibuni sana.

Nimeombwa nizungumzie ovakloki, yaani kuifanya prosesa ikimbie kuliko mwendo uliopangwa kiwandani. Waandaaji wakaongeza ombi la pili: niseme na wenye mazabodi (ule ubao mkuu wa kompyuta) za bei nafuu, si wenye mazabodi ambayo peke yake ina bei ya kompyuta nzima. Nilikubali papo hapo, kwa sababu hao ndio wateja wangu na ndio majirani zangu. Nani humu ana mazabodi ya B450? Nyoosheni mikono. A320? H81 ya zamani? Naam, mko wengi. Leo ni zamu yenu.

Nina neno moja, na nitalirudia mpaka mlichoke. Kwenye mazabodi ya bei nafuu, usianze na volteji. Anza na joto. Kisha nenda kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Kisha jaribu kushusha volteji kabla hujafikiria kuipandisha. Ukifika mwisho wa njia hiyo, mara nyingi utakuta kasi uliyokuwa unaitafuta umeshaipata.

Tuanze na mahali ndoto hii ilipotokea.

Agosti 1998, Intel walitoa prosesa iliyoitwa Celeron 300A. Bei yake dola 149. Mwendo wake megahezi 300, uliopatikana kwa kuzidisha mapigo 66 ya mazabodi kwa 4.5. Kile kizidisho, 4.5, kilikuwa kimefungwa. Lakini mapigo ya mazabodi yalikuwa wazi! Watu wakaichomeka kwenye mazabodi zenye chipseti (chipu inayoratibu kazi za mazabodi) ya 440BX, kama ile Abit BH6, wakaingia kwenye mipangilio, wakaweka 100 mahali pa 66. Zidisheni wenyewe: 100 mara 4.5 ni 450. Na nyingi ziliwaka, zikatulia, zikafanya kazi. Wakati huo Pentium II ya megahezi 450 ilikuwa inauzwa zaidi ya dola 600.

Tena kulikuwa na jambo zuri zaidi. Pentium II ilikuwa na kumbukumbu yake ya karibu, kilobaiti 512, nje ya chipu, nayo ikitembea kwa nusu ya mwendo wa prosesa. Celeron ilikuwa na kilobaiti 128 tu, lakini ziko ndani ya chipu yenyewe na zinakwenda kwa mwendo kamili. Kwa hiyo katika kazi nyingi kile kitu cha dola 149 kilikuwa kinakabana koo na kitu cha dola 600. Nani asingeipenda habari hii? Ndiyo iliyowasha moto dunia nzima, na vijana wengi mpaka leo wanafungua BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine, wakiwa na imani ile ile ya 1998.

Sasa nawauliza: kwa nini iliwezekana? Iliwezekana kwa sababu kiwanda kilikuwa kinauza chipu nzuri kwa jina dogo. Soko lilitaka prosesa za bei ya chini, chipu zenyewe zilikuwa imara, ikabidi zilizo imara ziuzwe kama za kawaida. Kulikuwa na akiba ndani, na mnunuzi hakuambiwa.

Je, akiba hiyo bado ipo?

Chukueni prosesa ya AMD, Ryzen 5 3600 ya mwaka 2019. Imeandikwa gigahezi 3.6, lakini yenyewe hujipandisha mpaka 4.2, hatua kwa hatua, kila hatua megahezi 25, kadiri joto na umeme vinavyoruhusu. Haisubiri mkono wa mtu. Ile akiba ambayo mwaka 1998 mliitafuta wenyewe, leo kiwanda kimeipa prosesa ruhusa ya kuitumia kabla hujafungua boksi. Sasa anakuja mtu anaifunga kwa mkono kwenye 4.1, viini vyote, yaani sehemu zote za prosesa zinazofanya hesabu. Katika kazi inayotumia viini vyote atapata nyongeza kidogo. Lakini gemu nyingi, brauza, hesabu zako za Excel, vinategemea zaidi kiini kimoja au viwili, na kiini kimoja kilikuwa kinafika 4.2 chenyewe. Ameongeza joto, ameongeza bili ya umeme, na katika kazi zake za kila siku amerudi nyuma.

Sisemi akiba imekwisha kila mahali. Ryzen 5 1600 ya 2017 bado inayo, na mwenye nayo kwenye B350 au B450 ana haki ya kuitafuta. Ninachosema ni hiki: ijue prosesa yako ni ya kizazi gani kabla hujaamini hadithi za mtaani.

Na ijue mazabodi yako. Hili nitalipita haraka. Kwa upande wa AMD, A320 na A520 hazina ruhusa ya kugusa mwendo wa prosesa. B350, B450 na B550 zinayo. Kwa Intel, kizidisho kiko wazi kwenye prosesa zenye herufi K zikiwa juu ya mazabodi ambazo jina la chipseti yake huanza na Z. B na H hazina. Na zile kompyuta za ofisini zinazoingia kama mitumba, OptiPlex na EliteDesk, BIOS zake hazina kipengele hicho kabisa. Usipoteze usiku wako kukitafuta. Mwekee SSD, mwongezee RAM, mteja atakushukuru.

Kuna watakaoniambia: mbona fulani alifanya kwenye H81? Ni kweli, na habari yake ni hii. Mwaka 2014 Intel walitoa Pentium G3258 kuadhimisha miaka 20 ya jina la Pentium. Dola 72, viini viwili, kizidisho wazi. Intel walikusudia uhuru huo uwe wa mazabodi za Z pekee, lakini watengenezaji wa mazabodi wakaufungulia mlango kwenye H81 na B85 kwa njia ya BIOS. Vijana wasio na fedha wakashangilia. Baadaye Intel wakatoa msimbo mpya wa ndani ya prosesa uliofunga mlango ule. Mwanzoni mwa 2016 ikawa vivyo hivyo: ASRock walikuwa wameruhusu prosesa za Skylake zisizo na K ziongezwe mwendo, halafu kipengele kikaondolewa katika BIOS zilizofuata. Kwa hiyo kabla hujasasisha BIOS, soma maelezo ya toleo lile. Sasisho linaweza kukupa kitu, na linaweza kukunyang'anya ulichonacho.

Sasa tuingie jikoni. Hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote.

Itazameni mazabodi, kushoto na juu ya soketi ya prosesa. Mtaona vijisanduku vya kijivu vimepangwa mstari: hizo ni koili. Kando yake kuna vipande vyeusi, bapa, vidogo kama ukucha: hizo ni mosfeti. Na kapasita za duara zimesimama karibu. Mkusanyiko wote huo ndio VRM. Pawa saplai inaleta volti 12. Prosesa inataka volti 1.2 au 1.3. Kazi ya kushusha hizo 12 mpaka 1.2, bila kutetereka, mchana na usiku, inafanywa hapo.

Na volti zikishuka, ampea zinapanda. Prosesa ya Ryzen iliyoandikwa wati 65, kiwanda kimeiruhusu ivute mpaka wati 88. Gawanyeni 88 kwa 1.25. Ni ampea 70! Zinapita kwenye vile vipande vya ukubwa wa ukucha. Sasa fungueni mipaka mpaka wati 142, kiwango cha prosesa zilizoandikwa wati 105. Ampea zinakaribia 114. Ni mara 1.6 ya mwanzo. Je, joto nalo linapanda mara 1.6? Hapana. Joto linalotokana na ukinzani ndani ya mosfeti hupanda kwa mraba wa ampea. Ampea mara 1.6, joto mara 2.6. Mazabodi ya bei kubwa ina mosfeti nyingi za kugawana mzigo huo, na juu yake kuna bonge la aluminiamu. Ya bei nafuu ina chache, na mara nyingi nusu yake ziko uchi.

Kijana mmoja, mhariri wa video za harusi, aliniletea mashine yake. Ryzen 7 2700, viini 8, mazabodi ya bei nafuu, mosfeti za upande mmoja hazina hata kifuniko. Alikuwa ameifunga gigahezi 4 kwa volti 1.4. Kwa kuogopa joto alinunua kipoozaji cha maji, akatoa fedha nyingi, akaling'oa feni la kiwandani akalitupa kabatini. Akaniambia, "Kaka, prosesa haizidi nyuzi 65, lakini video ikifika katikati mashine inalala."

Tukaiwasha, tukaanza kurenda, yaani kuitoa video iliyohaririwa. Dakika za mwanzo, safi kabisa. Halafu mwendo ukaanguka kutoka gigahezi 4 mpaka chini ya 1. Ukarudi. Ukaanguka tena. Prosesa bado iko nyuzi 65, imetulia. Nikachukua kipimajoto cha miale, nikakielekeza nyuma ya mazabodi, usawa wa zile mosfeti. Kilisoma zaidi ya nyuzi 100.

Mmeona kilichotokea? Feni la kiwandani lilikuwa linapuliza kwenda chini. Hewa ikigonga mazabodi inatawanyika pembeni na kupita juu ya mosfeti na kapasita. Feni lile lilikuwa linapoza vitu viwili, naye alijua kimoja tu. Alipoweka maji, prosesa ikapoa, na VRM ikabaki bila pumzi. Ikawa VRM ndiyo inayopiga kelele, na mazabodi, ili isiungue, inaiamuru prosesa ijikunyate.

Wazee wa kazi mlioko hapa mnajua mwisho wa kupuuza hilo. Mnakumbuka mazabodi za mwanzoni mwa miaka ya 2000, kapasita zimevimba vichwa, nyingine zimetoa ule uji wa kahawia? Kapasita zile zilikuwa na kasoro zake, ni kweli. Lakini hata kapasita nzima ya maji maji maisha yake hupungua takriban nusu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Joto linakula mazabodi siku ambayo huoni kitu chochote kibaya kwenye skrini.

Tuliirekebishaje? Tulifunga feni dogo la sentimita 8 likitazama mosfeti moja kwa moja. Halafu tukashuka: gigahezi 3.7, volti 1.2. Kijana akanitazama kwa huzuni, kana kwamba namnyang'anya kitu. Tukarenda video ile ile. Ikaisha mapema kuliko ilipokuwa kwenye 4, kwa sababu 3.7 ilikuwa 3.7 kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Kwa nini tulishusha volteji badala ya kuridhika na feni? Hapa nawaomba kalamu.

Umeme unaotumiwa na prosesa hupanda sambamba na mwendo, lakini hupanda kwa mraba wa volteji. Kutoka 3.7 kwenda 4.0 ni nyongeza ya asilimia 8. Kutoka volti 1.2 kwenda 1.4, ukichukua mraba wake, ni nyongeza ya asilimia 36. Zidisheni zote mbili: umeme umeongezeka kwa asilimia 47. Asilimia 8 ya mwendo, asilimia 47 ya umeme! Na umeme huo wote unapita kwenye mosfeti zilizo uchi na kugeuka joto ndani ya chumba ambacho tayari kina joto. Ndiyo maana nasema, usianze na volteji.

Kuna anayejibu: mbona yangu ina volti 1.45 na mwaka wa pili huu inacheza gemu? Ndugu yangu, volteji haiui siku ile ile. Inachakaza. Mwaka 2024 dunia nzima ililiona hili kwenye prosesa ambazo wengi wa wenye nazo hawakuwa wamegusa kitu. Wenye Core i9 za kizazi cha 13 na cha 14 walikuwa wanalalamika: gemu zinajifunga, mashine zinatoa makosa yasiyoeleweka, na hali inazidi kila mwezi. Intel wakaeleza kwamba msimbo wa ndani wa prosesa ulikuwa unaomba volteji kubwa kuliko inavyostahili, na kwamba volteji hiyo pamoja na joto vilikuwa vinazeesha sakiti fulani ndani ya viini. Agosti wakatoa sasisho linaloitwa 0x129. Wakaongeza dhamana kwa miaka 2. Lakini sasisho halikuweza kuiponya chipu iliyokwisha kuchakaa. Chipu iliyochakaa inahitaji volteji kubwa zaidi ili ifanye kazi ile ile, na volteji hiyo kubwa inaichakaza zaidi.

Kama mtengenezaji mwenyewe, na maabara zake zote, volteji ilimponyoka, sisi tunaobonyeza alama ya kujumlisha kwenye BIOS saa sita usiku tunajiamini kwa lipi?

Kwa hiyo nenda upande wa pili. Kwenye B450 na B550, ukiwa na Ryzen za 5000, kuna kipengele kinaitwa Curve Optimizer. Weka hasi 10. Jaribu siku kadhaa. Ikikubali, hasi 15. Prosesa itapata mwendo ule ule kwa volteji ndogo, joto litashuka, na kwa kuwa joto limeshuka yenyewe itajipandisha juu zaidi. Hiyo nayo ni ovakloki, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa mashine za kwetu. Kwa Ryzen za nyuma kidogo tafuta kipengele cha kupunguza volteji kwa kiasi fulani tu, kinachoitwa "offset" kwenye BIOS nyingi, ushuke kidogo kidogo. Kutoka volti 1.3 mpaka 1.2 kwa mwendo ule ule unaokoa takriban asilimia 15 ya umeme. Mosfeti zako zitapumua.

Sasa RAM.

Binti mmoja anayesoma usanifu majengo alikuja kuniuliza nimwovaklokie Ryzen 5 5600G, kwa sababu michoro yake ya majengo ilikuwa inakwama akiizungusha. Mazabodi yake A520. Nilimwambia ukweli: mwanangu, prosesa kwenye mazabodi hii haigusiki. Uso ukamshuka. Nikamwomba tufungue mashine kwanza.

Ndani kulikuwa na kijiti kimoja cha RAM, gigabaiti 16, kimeandikwa 3200. Tukaangalia kwenye Task Manager: kinatembea 2400. Tangu siku ya kwanza aliyeunga mashine ile hakuwasha XMP, kipengele cha BIOS kinachoifanya RAM itembee kwa mwendo ulioandikwa juu yake. Na 5600G haina kadi ya picha ya peke yake. Picha zote zinachorwa kwa kutumia RAM hiyo hiyo. Kijiti kimoja kwenye 2400 kinapitisha gigabaiti 19.2 kwa sekunde. Tukawasha XMP, ikawa 25.6. Tukabadilisha kijiti kile kwa viwili vya gigabaiti 8, tukavichomeka kwenye nafasi ya pili na ya nne kuanzia prosesa. Ikawa 51.2. Kutoka 19.2 mpaka 51.2, na volteji ya prosesa hatujaigusa, na mazabodi ni A520! Prosesa inayosubiri RAM ni fundi cherehani aliyekaa bila kitambaa. Umwongezee mwendo wa mashine kadiri upendavyo, shati halitatoka.

Akalizungusha jengo lake pale pale mbele yangu, likazunguka bila kukwama.

Nataka niulize humu ndani, na msione haya: wangapi mnajua kwa hakika kwamba RAM yenu inatembea mwendo ulioandikwa juu yake? Wangapi mmefungua mkaangalia? Mikono ni michache. Basi leo usiku, kabla ya yote, angalieni hilo. Ni bure, na mara nyingi ndiyo ongezeko kubwa kuliko yote mtakayopata.

Kuna jambo linaloniumiza, nalo ni majaribio ya haraka haraka.

Mtu anaongeza mwendo, Windows inafunguka, anacheza gemu nusu saa, anasema imekubali. Haijakubali! Imewaka tu. Kuna mashine zinazokosea hesabu bila kuzima. Hazikuonyeshi skrini ya bluu. Zinaandika faili lenye kosa, na wewe unalijua baada ya miezi, siku ile unapolihitaji. Nimewahi kumwona mzee mmoja, mwenye duka la picha, amehifadhi kazi za wateja kwenye mafaili yaliyobanwa, na kila analolifungua linakataa. Diski yake ilikuwa nzima. RAM ilikuwa imesukumwa kupita uwezo wake na mtu aliyetaka kumpendeza, na kosa likaingia wakati mafaili yanabanwa. Ndoa za watu zilikuwa mle. Ubatizo ulikuwa mle. Huwezi kumwambia bibi harusi arudi akafunge ndoa upya.

Ndiyo maana mimi kwa mashine ya kazi sikubali njia ya mkato. RAM inapimwa kwa MemTest86, usiku kucha, na kosa moja ni kosa. Prosesa inapimwa kwa Prime95. Mnajua programu hii imetoka wapi? Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaotafuta namba tasa kubwa kabisa, hesabu zinazochukua siku nyingi, ambazo tarakimu moja ikikosewa kazi yote imepotea. Kwa hiyo ndani yake kuna ukaguzi mkali wa majibu. Inaijua hesabu, inalijua jibu, na prosesa ikidanganya inaisimamisha na kukuambia. Wakati inaendelea, fungua HWiNFO utazame joto, na baada ya hapo ingia kwenye Event Viewer ya Windows utafute makosa yanayoanza na WHEA. Ukiyakuta, rudi nyuma hatua moja hata kama mashine inaonekana nzima.

Tena pima katika joto la kwetu. Majaribio mengi mnayoyaona kwenye video yamefanywa katika vyumba vya nyuzi 21 au 22. Februari hapa Dar, chumba kisicho na AC mchana ni nyuzi 32. Zile nyuzi 10 zinaongezeka moja kwa moja juu ya prosesa na juu ya mosfeti. Mashine iliyopimwa alfajiri na ikapita, ipime tena saa nane mchana. Na ipime kasha likiwa limefungwa, kwa sababu nyumbani kwa mteja kasha litakuwa limefungwa na limesogezwa ukutani. Vumbi nalo likijaa kwenye feni baada ya miezi kadhaa, nyuzi nyingine zinaongezeka. Acha nafasi kwa ajili ya hayo yote.

Kuhusu umeme, nitasema mawili. Mazabodi nyingi za bei nafuu zina plagi ya prosesa ya pini 4 badala ya 8. Pini 4 maana yake ni waya mbili tu za volti 12. Ukikuta plagi yake imebadilika rangi au imelainika, zima mashine hapo hapo. La pili: usisasishe BIOS bila UPS. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mazabodi nyingi za bei nafuu hazina kitufe cha kuirudisha, na utamtafuta mtu mwenye kifaa cha kuandika chipu upya. Lakini ukikosea tu mipangilio na mashine ikagoma kuwaka, usiogope. Chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya duara ya CR2032, subiri dakika chache, irudishe. Mipangilio inarudi ya kiwandani.

Kuna mwalimu aliniuliza nje kabla hatujaanza: kwa masharti yote haya, bado kuna sababu ya kuwafundisha vijana ovakloki? Mwalimu wangu, ipo, tena kubwa. Kijana anayetafuta megahezi 100 za ziada kwenye mazabodi ya bei nafuu atalazimika kujua umeme unapita wapi, joto linakwenda wapi, na kwa nini RAM imechomekwa nafasi ya pili na si ya kwanza. Anayeunga vipande kwa kufuata video hajui lolote kati ya hayo. Nimewaajiri wa aina zote mbili. Yule wa kwanza, mashine ikija haiwaki, anajua aanzie wapi.

Kwa hiyo ukifika nyumbani, anza hivi: safisha vumbi, badilisha pesti ya joto kama imekauka, hakikisha kuna hewa juu ya VRM. Washa XMP, pima RAM usiku kucha. Shusha volteji, pima. Tumia mashine hivyo kwa wiki kadhaa katika kazi zako halisi. Baada ya hapo, kama prosesa yako ni ya zile zenye akiba na mazabodi inaruhusu, panda megahezi 50 kwa volteji ile ile uliyonayo. Pima. Panda nyingine. Ikikataa, rudi hatua moja na ukae hapo. Ukijikuta kidole kiko kwenye alama ya kujumlisha volteji, kwanza nenda ukaguse feni linalopoza VRM, uhakikishe lipo.

Nimemaliza ya kusema. Muda uliobaki ni wa maswali. Wenye mashine mgongoni zifungueni, wengine toeni simu, pigeni picha eneo la kushoto na juu ya soketi. Anayeanza alete picha yake tuiweke ukutani, tuhesabu mosfeti pamoja, kisha nitamwambia nisingevuka wati ngapi kama mashine ingekuwa yangu.